Je, Umri wa Kunywa Pombe Ushushwe Chini ya Miaka 18? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa miaka kumi na minne nimekuwa mwalimu wa sekondari hapa Dar es Salaam, na kwa sehemu kubwa ya muda huo nimekabidhiwa pia kazi ya unasihi. Maswali yaliyo hapa chini ninaulizwa na wazazi kwenye vikao vya shule, na wanafunzi wanaobaki darasani wenzao wakishatoka, na majirani zangu wa Tabata. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: sikubaliani na kushusha umri wa kunywa pombe. Pale ambapo upande wa pili una hoja yenye uzito, nimeikiri.

Sheria ya Tanzania inasema nini hasa?

Umri ni miaka 18. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inakataza kumuuzia mtoto pombe, sigara au kilevi kingine, na inamtwika mwenye klabu ya usiku au disko wajibu wa kuhakikisha kwamba mtoto haingii humo. Sheria hiyo haikuota yenyewe. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991 na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto mwaka 2003, na yote miwili inaanza kumhesabu mtu mzima katika umri huo huo.

Kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui, na wakilisikia hushangaa: kosa la kuuza ni la muuzaji. Sheria haikutungwa ili polisi wamkimbize kijana wa miaka 16 aliyeshika chupa. Ilitungwa kumbana mtu mzima aliyempa chupa hiyo na kupokea fedha. Mjadala wote wa kushusha umri, ukiutazama kwa jicho hilo, ni mjadala wa kumpunguzia mtu mzima wajibu wake. Ndiyo maana nausikia kwa wasiwasi kila unapoanzishwa kwa jina la uhuru wa vijana.

Na Zanzibar je?

Zanzibar inasimamia masuala ya vileo kwa sheria zake, na ina Sheria yake ya Mtoto ya mwaka 2011. Majibu yaliyo hapa yanahusu Tanzania Bara, hasa jiji la Dar es Salaam ninalolifahamu.

Tunasoma kwamba hata Marekani watu wanataka umri ushushwe. Kwa nini sisi tusifanye hivyo?

Swali hili huletwa zaidi na vijana wanaofuatilia mijadala ya Marekani kwenye simu zao, na linastahili jibu refu kwa sababu limejengwa juu ya kutoelewana. Umri wa Marekani ni miaka 21. Wanaodai ushushwe wanataka ufike 18. Kwa maneno mengine, mahali wanapotaka kwenda ndipo sisi tulipo tayari. Anayechukua hoja zao na kuzitumia hapa kudai miaka 16 amezibeba hoja hizo hadi mahali ambapo wenyewe hawakuzipeleka.

Historia yao yenyewe inafundisha. Mwaka 1971 Marekebisho ya 26 ya Katiba ya Marekani yalishusha umri wa kupiga kura kutoka 21 hadi 18, na katika miaka hiyo majimbo mengi yakashusha pia umri wa kunywa pombe, kwa hoja kwamba aliyekomaa kuchagua rais amekomaa kununua bia. Ajali za magari zinazohusisha madereva vijana waliolewa zikawa kilio cha taifa. Mwaka 1980 mama mmoja wa California, Candace Lightner, ambaye binti yake Cari mwenye umri wa miaka 13 aliuawa na dereva mlevi, alianzisha chama cha akina mama wa kupambana na ulevi barabarani. Kilio hicho kilifika Ikulu yao, na mwaka 1984 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria iliyoyataka majimbo yaweke umri wa miaka 21. Sheria hiyo haikuyaamuru. Iliyaambia kwamba jimbo litakalokataa litakatwa sehemu ya fedha za barabara kuu. Jimbo la South Dakota lilikwenda mahakamani kupinga, likashindwa mbele ya Mahakama ya Juu mwaka 1987, na kufikia mwaka uliofuata majimbo yote yalikuwa yamekubali. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani inakadiria kwamba sheria hizo zimeokoa maisha ya watu zaidi ya 30,000 tangu miaka ya 1970.

Wanaopinga miaka 21 nao si watu wa mzaha. Mwaka 2008 wakuu wa vyuo zaidi ya 100, wakiongozwa na John McCardell aliyewahi kuwa mkuu wa chuo cha Middlebury, walitia saini tamko la kutaka mjadala ufunguliwe upya. Walisema kwamba wanafunzi wao walikuwa wakinywa kwa siri na kwa haraka vyumbani, mbali na macho ya mtu yeyote ambaye angeweza kusema imetosha. Ninaielewa hofu hiyo kwa sababu nimewaona wanafunzi wangu wakifanya jambo hilo hilo. Hata hivyo walikuwa wakimzungumzia mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye miaka 18, 19 au 20, mtu ambaye kwetu sheria haimzuii. Kijana wa kidato cha tatu hakuwamo katika tamko lao.

Kijana wa miaka 16 anafanya kazi, anajilipia chumba, pengine anasaidia wadogo zake. Kwa nini sheria imhesabu kuwa mtoto mbele ya chupa ya bia?

Miongoni mwa hoja zote za upande wa pili, hii ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Hapa Dar es Salaam tunao vijana wanaoamka saa kumi alfajiri kwenda kupanga mizigo ya mboga Ilala au kupokea samaki Feri, na mchana wanarudi na fedha walizozitolea jasho. Kumwambia kijana kama huyo kwamba yeye ni mtoto kunaweza kumwumiza, na sipendi anayelisema neno hilo kwa dharau.

Lakini tazama sheria ya kazi inavyompima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu mtoto aliyefikisha miaka 14 kufanya kazi nyepesi zisizomdhuru wala kumzuia kusoma. Kisha inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini, kiwandani au mahali penginepo penye hatari. Sheria haisemi kwamba kijana hana akili wala haki. Inatofautisha kazi na kazi, na kwa ile yenye hatari inamwambia asubiri. Pombe naiweka katika fungu hilo la hatari, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ilisababisha vifo milioni 2.6 ulimwenguni mwaka 2019.

Tena kama taifa tumekuwa tukipandisha ulinzi huu, hatujauteremsha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alilipeleka suala hilo Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2016 iliamua kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaubariki uamuzi huo mwaka 2019. Sababu zilizotufanya tuseme kwamba binti wa miaka 15 hajafikia umri wa kuolewa hazipotei anapoketi baa.

Lakini vijana wanakunywa tayari. Je, sheria isiyofuatwa si afadhali ifutwe?

Ni kweli kwamba wanakunywa. Naomba nieleze nilichokiona mwenyewe.

Jumamosi moja mwaka jana, saa kumi na mbili jioni, nilisimama kwenye duka la mtaani kwetu nikisubiri mkate. Mbele yangu alikuwapo mtoto wa kike ambaye hakuzidi miaka kumi, amevaa kandambili za mtu mzima, amekumbatia chupa mbili tupu za bia zilizoviringishwa katika gazeti.

"Shikamoo, mangi. Baba anasema umpe mbili za baridi, na chenji ninunue maandazi."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie baba zile za juzi hajanilipa."

Muuza duka alipokea chupa tupu, akatoa mbili kwenye friji, akazifuta jasho kwa kitambaa, akaziviringisha katika gazeti lile lile na kumkabidhi. Mtoto alizibana kifuani kwa mikono miwili, akasahau maandazi, akaitwa arudi kuyachukua. Pale dukani tulikuwapo watu wazima watano, na mmoja wao ni mwalimu. Hakuna aliyesema neno. Nimelibeba jambo hilo moyoni hadi leo, kwa sababu kila mmoja wetu angemsemesha yule mtoto kama angemkuta anacheza barabarani.

Mtoto yule hakunywa pombe jioni ile. Alijifunza tu njia: anajua zinakouzwa na namna ya kuzibeba zisivunjike, na amekwisha kuona kwamba akizitaja hakuna anayeshtuka. Miaka mitano baadaye, siku atakapotaka kuonja, hatahitaji kumdanganya mtu. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba sheria ya miaka 18 imeshindwa, huwa ninamuuliza ilijaribiwa lini katika mtaa wake. Katika mtaa wangu sijawahi kuona muuzaji yeyote akichukuliwa hatua kwa kumuuzia mtoto, na sijawahi kusikia mteja aliyeombwa kitambulisho. Sheria ya mwendo wa magari nayo huvunjwa kila siku katika Barabara ya Morogoro, na hakuna anayependekeza kwamba vibao vya mwendo ving'olewe.

Je, si bora mzazi amfundishe mwanawe kunywa kwa kiasi nyumbani? Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Methali hiyo huletwa kwangu na wazazi wenye nia njema kabisa, ambao wanaona kwamba kijana aliyeonja mbele ya baba yake hatakuwa na haraka ya kuonja mbele ya wahuni. Ninawajibu kwamba samaki hukunjwa akiwa mbichi kwa sababu umbo analopewa ndilo atakalokaa nalo. Tukimkunja mtoto kwenye chupa, tusitarajie ajikunjue.

Utafiti unaelekea huko huko. Uchunguzi mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1997, uliohoji watu zaidi ya 40,000, ulikuta kwamba walioanza kunywa kabla ya miaka 15 waliishia kuwa wategemezi wa pombe kwa kiwango cha takriban mara nne ya walioanza wakiwa na miaka 20 na zaidi. Ninapaswa kuwa mkweli kwamba takwimu za namna hiyo hazithibitishi peke yake kuwa kuanza mapema ndiko kunakosababisha utegemezi. Mtoto anayeanza kunywa akiwa na miaka 13 mara nyingi ana mambo mengine yanayomwelemea nyumbani. Hata hivyo haziwapi faraja yoyote wanaosema kwamba kuanza mapema ni kinga.

Ulaya, ambayo hutolewa mfano wa ustaarabu wa unywaji, nayo isitupoteze. Ni kweli kwamba Ujerumani inamruhusu kijana wa miaka 16 kununua bia na mvinyo na kumtaka asubiri miaka 18 kwa pombe kali. Lakini ukanda wa Ulaya ndio unaoongoza ulimwenguni kwa kiasi cha pombe anachokunywa kila mtu mzima kwa mwaka, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani. Mtu anayetafuta mahali ambapo mazoea ya mapema yamezaa kiasi atafute kwingine.

Pombe inamfanya nini kijana ambacho haimfanyi mtu mzima?

Ubongo huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, na sehemu ya mbele, ile inayopima matokeo na kuzuia pupa, ndiyo inayochelewa kuliko zote. Pombe hulegeza kazi ya sehemu hiyo hiyo. Kijana anakuwa amepunguziwa breki ambazo bado zinafungwa. Mwili wake pia mara nyingi ni mdogo, kwa hiyo kiasi kile kile cha pombe kinakuwa kizito zaidi katika damu yake.

Vijana wenyewe hawapendi mahubiri, kwa hiyo nikiwa nao huwa naandika hesabu ubaoni. Chupa ya bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi halisi. Chupa ndogo ya pombe kali ya mililita 200 yenye asilimia 35 ina mililita 70, yaani karibu sawa na bia tatu, katika kichupa kinachoingia mfukoni na kinachomalizwa kwa dakika chache. Mara nyingi bei yake ni ndogo kuliko ya bia tatu. Nikifika hapo darasa hunyamaza, maana wengi wao walidhani kwamba kichupa kile ni "kidogo".

Mwaka mmoja nilimkuta kijana wa kidato cha tatu nyuma ya madarasa na chupa ya plastiki ya soda ya machungwa. Rangi ilikuwa ya soda; harufu haikuwa ya soda. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ni ya kuchangamka tu, nilipimiwa pale nje." Alikuwa na miaka 15 na macho yake hayakuweza kutulia juu ya uso wangu. Nilimpeleka akalale kwa ubavu katika chumba cha huduma ya kwanza, nikakaa naye hadi alipoamka, kwa sababu aliyelewa akilala chali anaweza kukabwa na matapishi yake. Hilo kila mzazi na alijue, bila kujali anasimama upande gani wa mjadala huu.

Nchi zilizobadilisha umri zilipata nini?

New Zealand ilishusha umri wa kununua pombe kutoka 20 hadi 18 mwezi Desemba 1999. Watafiti waliolinganisha ajali za kabla na baada walikuta kwamba majeruhi wa ajali zinazohusiana na pombe waliongezeka si kwa wa miaka 18 na 19 pekee bali pia kwa wa miaka 15 hadi 17, ambao sheria haikuwagusa. Wapo wachumi waliokuja kuzipinga hesabu hizo baadaye, na mjadala wao haujafungwa, lakini ongezeko hilo la wa miaka 15 hadi 17 ndilo linaloniogopesha kwa ajili ya Dar es Salaam. Kijana wa miaka 18 ana marafiki wa miaka 16. Ukishusha umri hadi 16, wa miaka 16 ana marafiki wa miaka 13, na baadhi yao wanakaa naye dawati moja na wanapanda naye daladala moja.

Nchi nyingine zimekwenda kinyume na kushusha. Lithuania ilipandisha kutoka 18 hadi 20 mwaka 2018. Ethiopia iliweka miaka 21 mwaka 2019. Kenya, ambayo kama sisi ina miaka 18, mwaka 2025 ilitoa sera ya taifa inayopendekeza miaka 21.

Basi kwa nini usiunge mkono kupandisha hadi 21 kama majirani?

Ninasita, na nitaeleza kwa nini. Mtu wa miaka 18 nchini kwetu anapiga kura, anashtakiwa kama mtu mzima, anaingia mikataba. Kumwambia kwamba katika jambo hili moja bado hajakua kunahitaji serikali iliyo tayari kusimamia tofauti hiyo, na mimi ninaishi katika mtaa ambako hata mtoto wa miaka kumi aliuziwa chupa mbili za baridi. Nikiona miaka 18 inasimamiwa kwa dhati kwa miaka michache, nitakuwa tayari kusikiliza hoja ya 21. Kwa sasa naogopa kwamba tutaandika nambari kubwa zaidi kwenye karatasi na kurudi nyumbani tukiridhika.

Mwanafunzi wa kidato cha sita ana miaka 19. Anaruhusiwa kunywa?

Kwa umri wake, muuzaji anayemuuzia havunji Sheria ya Mtoto. Lakini angali mwanafunzi, na kanuni za shule zinakataza ulevi bila kuuliza umri, kwa hiyo anaweza kusimamishwa au kufukuzwa. Wengi humaliza kidato cha sita wakiwa na miaka 18 hadi 20, na mahafali ndiyo huwa mtihani wa kwanza. Wazazi wanaochangia usafiri wa mahafali wahakikishe wanajua ni nini kimepakiwa nyuma ya basi.

Pombe za asili kama mbege, ulanzi na mnazi zina taratibu zake. Je, sheria inaingilia mila?

Wazee wa Kilimanjaro walionifafanulia habari za mbege, na wenyeji wa Iringa na Njombe kuhusu ulanzi, wamenieleza jambo linalofanana: palikuwa na utaratibu wa nani anywe, lini, na mbele ya nani, na kata ya kunywea ilizunguka kwa heshima ya rika. Kijana alikaa mbali au alitumwa kuhudumia. Kwa hiyo mila, kadiri nilivyoelezwa, ilijua umri kabla ya Bunge kuujua. Kilabu cha pombe pembezoni mwa Mbagala ambako yeyote mwenye fedha anachotewa hakiwezi kujificha nyuma ya mila hizo, maana huko hakuna mzee anayesimamia kata. Gongo nayo ni suala jingine kabisa: hainywewi kihalali na mtu wa umri wowote, na hakuna anayejua kilichomo hadi mtu aumie.

Kwa familia ambazo pombe ni haramu kidini, mjadala huu unahusu nini?

Unahusu mtaa ambao watoto wao wanapita. Nyumba isiyo na pombe ina mtoto anayekwenda dukani, shuleni na uwanjani na watoto wengine, na baadhi ya wazazi waliosimama nami kwa nguvu zaidi katika vikao ni Waislamu wa Temeke ambao hawajawahi kuonja.

Serikali haitapata kodi zaidi umri ukishushwa?

Pengine ingepata. Ingelipa pia kwa upande wa pili, wodini. Sidhani kama kuna mzazi anayetaka bajeti ya taifa ichangiwe na mwanawe wa kidato cha pili.

Je, kuna hatua yoyote dhidi ya pombe kwa vijana iliyowahi kufanya kazi hapa?

Ipo, na walimu tunaikumbuka vizuri. Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku pombe kali zilizofungashwa katika vifuko vya plastiki, yaani viroba, baada ya tangazo la Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa. Kabla ya siku hiyo kiroba kiliingia katika soksi ya sare, katika kibweta cha hesabu, katika kitabu kilichokatwa katikati. Tulipofagia nyuma ya vyoo vya wavulana siku za Ijumaa tulikusanya vifuko vitupu kwa konzi. Baada ya marufuku vilipungua mwezi hadi mwezi, kisha vikaisha.

Sisemi kwamba unywaji ulikwisha; yule kijana wa chupa ya soda alikuja baadaye. Lakini kilichokuwa rahisi kilikuwa kigumu, na kwa mtoto ugumu huo mdogo ndio mara nyingi unaoamua. Umri wa miaka 18 ni kizuizi cha aina hiyo hiyo. Hakimzuii aliyedhamiria kwa nguvu zote. Kinamzuia yule anayesitasita, naye ndiye aliyejaa katika madarasa yangu.

Muuzaji atajuaje umri wa mteja?

Amuulize kitambulisho. Kitambulisho cha taifa hutolewa kwa aliyefikisha miaka 18, kwa hiyo kwa sehemu kubwa hata hesabu ya tarehe haihitajiki: akiwa nacho, amefikia. Ugumu upo kwingine. Anayesimama mbele ya mteja mara nyingi ni mhudumu wa baa, msichana wa miaka 19 au 20 anayelipwa kidogo na anayetegemea bakshishi, na hawezi kumwuliza kitambulisho kijana aliyekuja na kundi la wateja wakubwa bila kumwogopa bosi wake. Sheria ilimtazama mwenye biashara kwa sababu nzuri. Mwenye biashara aseme kwa kinywa chake mbele ya wateja kwamba mhudumu ameagizwa kuuliza, abandike tangazo ukutani, na ampe mhudumu ruhusa ya kukataa bila kukatwa mshahara.

Pombe zinazoagizwa kwa simu na kuletwa na bodaboda hadi getini zinahitaji kuangaliwa kwa namna yake. Mpelekaji hukabidhi mfuko kwa yeyote anayefungua geti, na mara nyingi anayefungua ni mtoto.

Nikimwona muuzaji anamuuzia mtoto, nifanye nini?

Kama ni jirani unayefahamiana naye, anza kwa kuzungumza naye faraghani, siyo mbele ya wateja. Wauza maduka wengi niliozungumza nao walikuwa wakifanya kwa mazoea, na yule wa mtaani kwetu, nilipomfuata wiki mbili baadaye, alinisikiliza hadi mwisho. Sasa mtoto akija na chupa tupu humrudisha nyumbani na ujumbe kwamba baba aje mwenyewe. Wateja wawili walimnunia kwa muda, kisha wakarudi.

Akiendelea, peleka taarifa ofisi ya serikali ya mtaa na kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au manispaa. Leseni ya vileo hutolewa na mamlaka za serikali za mitaa, na muuzaji huiogopa ofisi hiyo kuliko anavyoogopa lawama za majirani. Vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Ukihofia kutajwa jina, piga simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, ambayo hailipiwi, ueleze mtaa, duka na saa ulizoshuhudia. Hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.